Shule ya sumaku ya Chicago: wanaingiaje?

Najua wengi wenu mnasubiri habari za bumu na nani kakosa chumba hosteli, lakini leo nawaletea historia. Sisi wa ualimu tuna ugonjwa wetu mmoja. Watu wakisifia shule kwamba inafaulisha, sisi tunauliza: hao wanafunzi wanaingiaje? Na kuna shule moja ambayo historia yake yote iko ndani ya swali hilo.

Inaitwa Whitney M. Young, sekondari ya serikali iliyoko Chicago, Marekani. Ilifunguliwa Septemba 1975, ikawa sekondari ya kwanza ya jiji lile ya aina ambayo wenzetu wanaiita shule ya sumaku. Jina limekaa vizuri, bwana. Shule ya kawaida kule inachukua watoto wa mtaa wake. Hii haina mtaa. Inaweka masomo mazuri na maabara nzuri, halafu inavuta watoto toka kila kona ya jiji, kama sumaku na misumari. Msikimbilie kuilinganisha na Ilboru au Mzumbe. Shule zetu za vipaji maalumu zinakusanya waliofaulu sana. Sumaku ya Wamarekani ilipobuniwa ilipewa kazi nyingine: kuwakutanisha watoto Weusi na Wazungu bila kumlazimisha mtu.

Kwa nini ilihitajika? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1940 Chicago ilikuwa na Weusi karibu 278,000. Kufika 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wamekimbia umaskini na ubaguzi wa majimbo ya Kusini. Walipofika walisukumwa kwenye mitaa yao peke yao, na kwa kuwa mtoto alisoma shule ya mtaani kwake, shule nazo zikawa za rangi moja moja. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishatamka kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba. Chicago haikuwa na sheria ya kutenga, ila ilikuwa na ramani ya mitaa, na ramani ilifanya kazi ileile.

Shule za Weusi zikafurika. Watoto wengine walisoma kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana (najua hapa kuna wanaocheka maana wanaijua hiyo). Kumbe upande wa Wazungu kulikuwa na shule zenye nafasi. Mkuu wa elimu wa jiji, Benjamin Willis, badala ya kuwahamishia watoto kwenye zile nafasi, akaleta madarasa ya kuhamishika, yale kama makontena, na kuyapanga kwenye viwanja vya shule za Weusi. Watu wakayabatiza "mabehewa ya Willis". Hasira ikapanda mpaka tarehe 22 Oktoba 1963, wanafunzi zaidi ya 200,000 wakagoma kwenda shule siku nzima. Laki mbili, jamani!

Halafu ikaja Aprili 1968. Martin Luther King akauawa Memphis, na upande wa magharibi wa Chicago ukawaka moto. Maduka na nyumba viliteketea, viwanja vikabaki vitupu. Sekondari mpya ilijengwa kwenye sehemu ya ardhi hiyo iliyoungua, jirani na katikati ya jiji. Eneo lile liliifaa sumaku, kwa sababu mabasi na treni za kila upande yanafika.

Jina lake nalo lina kisa. Whitney Young alizaliwa Kentucky mwaka 1921, kwenye eneo la shule ya bweni ya Weusi ambako baba yake alikuja kuwa mkuu wa shule. Aliongoza shirika la National Urban League toka 1961, akipigania Weusi wapate kazi na elimu, na wengine walimlaumu kwamba anakaa mno mezani na matajiri na marais. Alifia huku Afrika: Machi 1971 alikuwa Lagos, Nigeria, kwenye mkutano wa Waafrika na Wamarekani, akaenda kuogelea baharini, hakurudi akiwa hai. Miaka minne baadaye shule ikafunguliwa kwa jina lake.

Sasa lile swali letu. Mwaka 1975 jibu liliandikwa wazi kwa asilimia: Weusi 40, Wazungu 40, wenye asili ya Amerika ya Kilatini 10, wengineo 5, na 5 zilizobaki aamue mkuu wa shule. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini sumaku haivuti kila chuma sawasawa. Familia nyingi za Kizungu zilisita kupeleka watoto eneo lile, na miaka ya mwanzo wengi wa wanafunzi hawakuwa Wazungu.

Mmoja wa waliovutwa ni binti Mweusi wa upande wa kusini, mtoto wa mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji. Aliingia 1977, na kwenda na kurudi kwa basi kulimla karibu saa tatu kwa siku. Alimaliza 1981, akaenda Princeton. Wakati ule aliitwa Michelle Robinson. Ninyi mnamjua kama Michelle Obama.

Mwaka 1980 serikali kuu iliishtaki bodi ya elimu ya Chicago, na pande mbili zikakubaliana mbele ya mahakama kwamba jiji lizichanganye shule zake. Toka hapo rangi ikaendelea kuhesabiwa katika kuchagua wanafunzi kwa karibu miaka 30. Shule ikawa maarufu, na wale waliokuwa wanaisita wakaanza kuigombania. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikazibana shule zinazopanga watoto kwa rangi, na Septemba 2009 jaji akayafuta makubaliano ya Chicago.

Jiji likatafuta njia nyingine. Mtoto anapata alama, jumla 900, halafu wanaangalia anaishi wapi. Maeneo yote yamegawanywa madaraja manne kwa kipato cha watu, elimu ya wazazi, nani ana nyumba yake na kadhalika. Asilimia 30 ya nafasi zinakwenda kwa alama tupu, zilizobaki zinagawanywa sawa kwa madaraja manne. Kwa maneno mengine, mtoto wa mtaa maskini anashindana na wa mtaa maskini mwenzie.

Ni mpango wenye akili, sikatai. Lakini kati ya 2009 na 2013, katika shule nne za juu za jiji, Whitney Young ikiwamo, Wazungu miongoni mwa wanaoanza walipanda toka asilimia 29 hadi 41, wakati katika shule zote za serikali za Chicago walikuwa kama asilimia 9 tu. Shule iliyojengwa ili kuchanganya ikabaki na sifa ya kufaulisha, huku mchanganyiko wenyewe ukianza kuyumba. Ubishi haujaisha: Desemba 2023 bodi ya elimu ilipitisha azimio la kuzipa nguvu zaidi shule za mitaani, na wazazi wakagawanyika.

Mimi ni zao la shule ya kata. Darasa letu la saba alichaguliwa mmoja tu kwenda shule ya vipaji maalumu. Jamaa alikuwa kichwa kweli, sina wivu. Ila kwao kulikuwa na umeme na vitabu, na baba yake alikuwa mwalimu. Wa pili wake alikuwa binti aliyekuwa anachota maji kabla ya kuja shule, na walipishana alama chache sana. Ingekuwa kwa utaratibu wa madaraja, sijui nani angekwenda.

Ndiyo maana historia ya Whitney Young imenikaa kichwani. Mtihani unapima kichwa cha mtoto, na unapima nyumba aliyotoka pia, na hakuna rula ya kuvitenganisha vizuri. Chicago wameshajaribu rangi, wamejaribu mtaa, bado wanabishana. Sisi tutakaoshika chaki mwakani tutakabidhiwa darasa lililokwisha kuchujwa na wengine. Angalau tujue chujio lilikuwa na matundu ya ukubwa gani.

Haya, we ungekuwa ndiye unayepanga nafasi, ungempa nani, yule jamaa au yule binti? Na usiniambie "wote". Nafasi ni moja.