Iqbal na Mwalimu Wake

Muhammad Iqbal alizaliwa Sialkot, Punjab, mwaka 1877. Kabla ya kuijua falsafa, aliketi mbele ya Maulana Mir Hasan, akasomeshwa Kiarabu na Kifarsi. Huko Lahore akasoma falsafa kwa Thomas Arnold, kisha yeye mwenyewe akawa mhadhiri wa somo hilo. Mwaka 1905 alikwenda Cambridge, na mwaka 1907 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Munich kwa utafiti juu ya falsafa ya Uajemi. Aliporejea alisomesha tena Lahore. Katika mihadhara yake ya Madras, Hyderabad na Aligarh, aliwataka Waislamu wazijenge upya fikra zao za dini kwa elimu ya zama zao, bila ya kuiacha imani.

Alipotunukiwa cheo cha "Sir" mwaka 1923, aliomba mwalimu wake wa Sialkot naye akumbukwe. Mir Hasan akapewa jina la Shams-ul-Ulama, yaani Jua la Maulamaa.

Ndugu wasomaji, vyeti vya Ulaya havikumsahaulisha Iqbal mwalimu wa utotoni. Nasi tujiulize: watoto wetu wakirudi likizo kutoka vyuo vikuu, je, humpitia kumwamkia yule aliyewafundisha alifu na bee?