Habari za Chuo cha El Paso na Wachezaji Wake

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana ya neno hili twaiona wazi katika habari za chuo kimoja cha Marekani, kilichopo El Paso, katika jimbo la Texas, mpakani mwa Meksiko. Kilianzishwa mwaka 1914 ili kufundisha kazi ya machimbo ya madini. Baadaye kiliitwa Texas Western, na mwaka 1967 kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso.

Zamani zile, upande wa kusini wa Marekani, weusi walitengwa na weupe, hata michezoni. Chuo hiki kilianza kuwapokea wanafunzi weusi mwaka 1955. Mwaka 1961 akaja mwalimu wa mpira wa kikapu, Don Haskins, naye alitazama uwezo wa kijana, wala si rangi yake. Tarehe 19 Machi 1966 timu yake ilikutana na Kentucky kuushindania ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Kentucky ilikuwa timu yenye sifa kubwa, na wachezaji wake wote walikuwa weupe. Haskins akaanza na vijana watano, wote weusi, jambo ambalo halijapata kuonekana katika mchezo wa mwisho. Wakashinda 72 kwa 65. Katika miaka iliyofuata, vyuo vya kusini vilivyowakataa vijana weusi vikaanza kuwatafuta.

Lakini tusidhani ya kwamba heshima ya uwanjani ilikuwa heshima kamili. Mwaka 1968 wanariadha weusi kadhaa wa El Paso walikataa kushindana na chuo cha Brigham Young, kwa ajili ya mafundisho ya kanisa la chuo kile juu ya watu weusi. Chuo chao kikawaondoa katika timu. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, katika Olimpiki ya Mexico, aliruka mita 8.90, akaipita rekodi ya dunia kwa sentimita 55!

Hata hivyo mlango haukufungwa. Wakaja wakimbiaji kutoka Afrika, miongoni mwao Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, upande wa Musoma. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hata 1982. Mwaka 1980, huko Moscow, alipata nishani ya fedha katika mita 5,000. Naye Filbert Bayi akapata ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Hizo ndizo nishani za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Tangu 1974 hata 1982 chuo kile kilitwaa ubingwa wa riadha na mbio za nyika mara 19.

Basi, walimu wenzetu, tuyaweke haya moyoni. Chuo kidogo cha mpakani kilipata sifa kwa kuwapokea waliokataliwa na wengine. Kilipowafukuza, kilijinyima chenyewe. Mtoto anayesimama leo mlangoni pa shule, tusimpime kwa kabila wala kwa nguo zake.