Maneno ya filme midomoni mwetu: kutoka Terminator hadi Wakanda

Katika komine ya Bungulu, mjini Beni, si lazima mtu awe na televizyo nyumbani ili aongee maneno ya filme. Kijana wa moto anaondoka kwenye parkingi akiwaambia wenzake "nitarudi" kwa sauti nzito ya roboti. Mwingine, timu yake ikifunga bao, anapishanisha mikono kifuani kama mfalme wa Wakanda. Mtu akiponea chupuchupu kwenye ajali, watu wanasema: "Akteri hawezi kufa." Ni mchezo wa kila siku, na watu wanacheka. Lakini kuna jina moja la filme ambalo huku mashariki halichekeshi tena.

Yanatoka wapi?

"Nitarudi" ni neno la filme ya Marekani The Terminator, iliyotoka mwaka 1984, iliyoongozwa na James Cameron. Arnold Schwarzenegger anacheza roboti mwenye ngozi ya binadamu, aliyetumwa kutoka wakati ujao kuja kumuua mwanamke, Sarah Connor. Anafika kwenye kituo cha polisi, anakataliwa kuingia, anasema kwa upole kwamba atarudi. Anarudi kweli: anabomoa mlango kwa gari na kuua polisi. Wengi wanaosema neno hilo leo wamesahau kwamba pale lilipoanzia lilikuwa kitisho.

Ishara ya kupishanisha mikono kifuani ilitoka kwenye Black Panther ya mwaka 2018, filme ya nchi ya kubuni ya Afrika, Wakanda, yenye ufundi kuliko nchi zote za dunia. Chadwick Boseman alicheza mfalme T'Challa, na Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kenya, alikuwemo pia. Baada ya filme hiyo wachezaji wa mpira, wanamuziki na watoto wa shule katika nchi nyingi walianza kusalimiana hivyo.

Ishara nyingine ni ya zamani zaidi: kuinua mkono na kutenganisha vidole viwili viwili. Ni salamu ya Spock katika Star Trek, mfululizo wa televizyo ulioanza Marekani mwaka 1966. Mchezaji wake, Leonard Nimoy, aliikopa kwenye baraka ya makuhani wa Kiyahudi aliyoiona utotoni katika sinagogi. Kwa hiyo filme nazo zinakopa kwa watu kabla watu hawajakopa kwa filme.

Yanafika vipi Beni?

Filme ya Kiingereza haifiki hivi hivi. Kwanza inapita kwa msimulizi. Uganda wanamwita VJ. Yeye anakaa na maikro, anatafsiri, anaongeza utani wake, anawapa wachezaji majina ya mtaani. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya inamjua DJ Afro. Filme zao zinasafiri na bidhaa, siku hizi kwenye kadi ndogo ya simu, na mpaka wa Kasindi hauko mbali.

Ndiyo sababu maneno mengi tunayosema si ya filme yenyewe, ni ya msimulizi. Kenya na Tanzania shujaa wa filme anaitwa "steringi". Kwetu, kwa sababu ya Kifaransa, anaitwa "akteri", na adui wake mkubwa ni "shefu bandi". Wazo ni moja pande zote: shujaa hafi. Kijana wa Beni na kijana wa Mombasa wakikutana, wataelewana hapo hapo.

Si jambo la leo

Wazee wanaolaumu vijana kwa kuiga filme wakumbuke Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950. Vijana wa huko waliona filme za kauboi za Marekani, wakajiita "Bills", kutoka jina la Buffalo Bill. Walivaa kama kauboi, wakavipa vipande vya mji majina kama Far West, na wakatengeneza lugha yao, Hindubill, iliyochanganya Lingala, Kifaransa, Kiingereza na maneno yao wenyewe. Sehemu ya "Hindu" katika jina hilo inakumbusha filme za Kihindi. Neno "yanki", mtu mkali na mjanja, bado linasikika mpaka leo.

Wakoloni waliwaona kama wahuni. Ila katika ghasia za tarehe 4 Januari 1959, zilizoharakisha uhuru wa Kongo, Bills walikuwa barabarani pamoja na wengine. Mchezo wa filme ulikuwa pia njia ya kijana asiye na kitu kujiona mkubwa mbele ya mwenye nguvu.

Hata Kiswahili kilikopwa

Mambo haya yanaenda njia mbili. Katika Star Trek kuna afisa mwanamke mweusi, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Mwaka 1966, Kenya ikiwa na uhuru wa miaka isiyofika 3 na Kongo miaka 6, neno hilo liliingia kwenye televizyo za Marekani likiwa jina la mtu anayesafiri kati ya nyota. Hata sentensi za Kiswahili zilisikika katika mfululizo huo.

Jina lenye damu

Sasa turudi kwenye Terminator. Bosco Ntaganda, mkuu wa vita aliyejulikana Ituri na Kivu ya Kaskazini, aliitwa kwa jina hilo la filme. Si yeye peke yake aliyechukua sifa kwenye skrini: ng'ambo ya mto, Brazzaville, wapiganaji wa Bernard Kolélas katika miaka ya 1990 walijiita Ninja. Jina la namna hiyo lina kazi yake. Linamtisha raia kabla bunduki haijaonekana, na linamwambia mpiganaji kwamba yeye ni mashine, hana huruma na hafi.

Ntaganda alijisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali mwezi Machi 2013. Tarehe 8 Julai 2019 Korti ya kimataifa ya ICC, kule La Haye, ilimkuta na hatia kwa mashtaka 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, uliotendwa Ituri mwaka 2002 na 2003. Kati ya mashtaka hayo kulikuwa kutumia watoto wa chini ya miaka 15 kama askari. Tarehe 7 Novemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na rufaa ikathibitisha hukumu tarehe 30 Machi 2021. Mbele ya majaji hakuwa roboti. Alikuwa mtu mwenye suti na tai, anayejibu kwa jina lake la kuzaliwa.

Mahali panabadilisha maana

Beni imeishi na mauaji tangu Oktoba 2014. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na tangu mwisho wa Novemba 2021 askari wa Uganda wanafanya operesheni pamoja na FARDC. Askari aliye kwenye bariera anaweza kuwa ametoka mbali, anaongea Lingala au lugha ya Uganda, na hajaona filme unayoiga. Kwake yeye, mikono inayopanda haraka kifuani usiku si Wakanda. Ni mikono inayotafuta kitu ndani ya koti.

"Nitarudi" vilevile. Kati ya marafiki ni kicheko. Ikisemwa baada ya ugomvi wa shamba au wa deni, ama ikiandikwa kwenye simu ya mtu, inageuka kitisho, na aliyeipokea ana haki ya kuogopa, maana hapa kuna watu waliotishwa kisha wakauawa.

Mzazi anayesikia mtoto akijiita Terminator hana haja ya kumpiga. Anaweza kumuuliza filme inasema nini, halafu amweleze nani alibeba jina hilo huku kwetu, na watoto wa umri wake walifanyiwa nini Ituri. Kuna pia cha kumsimulia zaidi: katika filme ya pili, ya mwaka 1991, roboti mwingine wa aina ile ile anakuja, safari hii kumlinda mtoto, na mtoto anamkataza kuua watu.

Na kuhusu akteri asiyekufa: katika filme, mwandishi ndiye anayemlinda. Kwenye barabara ya Beni kwenda Kasindi hakuna mwandishi wa namna hiyo. Kijana wa moto anayesema maneno hayo analijua vizuri, na mara nyingi anayasema ili apate moyo wa kuwasha moto na kwenda kutafuta chakula cha siku.