Mtoi Kwa Paja Si Usalama: Rada Yote ya Kiti cha Mtoto Kwa Gari

Ile siku mtoi anatoka hospitali, sinema huwa ni ile ile. Mathe amemfunika shali tatu, buda ameshika begi, shosho ashabook kona yake, na kebu imengoja kwa geti. Wote wanaingia nyuma, mtoi anapakatwa, dereva anaambiwa aendeshe pole pole. Hiyo pole pole ndio tunaita usalama.

Sasa piga hesabu na mimi. Mtoi ni kilo 10, gari iko kilomita 50 kwa saa, speedi ya kuhurumiwa hapo Thika Road. Ikigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoi anarushwa mbele na nguvu ya karibu kilo 140. Hiyo ni gunia moja na nusu la mahindi, manze. Hakuna mkono wa kushika hiyo, hata wa yule mathe hupandisha mitungi mbili za maji hadi gorofa ya tano. Ni kama umemwangusha kutoka mita 10 juu. Na usifikirie kujifunga naye ndani ya mkanda mmoja, juu hapo mwili wako wote utamfinya kwa huo mkanda. Kumbeba na leso ama kile kibegi cha kifua ni hivyo tu.

Kiti ndio kinafanya hiyo kazi. Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, linasema kwa gari ndogo kiti kinapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoi hajafika mwaka, na asilimia 54 kwa wa mwaka 1 hadi 4. Lakini kiwe kimefungwa vile inafaa, na hapo ndio wengi huchoma.

Kosa ya kwanza ni kumgeuza mapema. Mtoi mdogo anafaa kuangalia nyuma ya gari, mgongo wake ukielekea dereva anakoenda. Kichwa cha mtoi ni kizito ukilinganisha na mwili, na shingo bado haijakomaa. Akiangalia mbele, gari ikigonga, mikanda inashika mabega lakini kichwa kinaruka, na shingo ndio inalipa. Akiangalia nyuma, kichwa, shingo na mgongo vyote vinalaliwa na kiti kwa pamoja. Viti vya kiwango kipya cha Ulaya, R129, haviruhusu kumgeuza kabla ya miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mwache hivyo hadi afikishe kilo ama urefu wa mwisho ulioandikwa kwa kiti, na viti vingi vinampeleka miaka 2 na zaidi. Utaambiwa miguu imekunjika, ati anaboeka haoni njia. Miguu kukunjika si shida, na wale wanakuambia hivyo si wao watakaa na yeye wodi.

Kiti kikae nyuma. Kile cha kuangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele kando ya dereva kama mfuko wa hewa wa dashibodi unafanya kazi. Huo mfuko hufunguka kwa nguvu ya kumuua mtoi. Upande poa ni nyuma kushoto, juu hapa Kenya unamtolea kwa kando ya barabara, si mahali nduthi zinapita.

Kununua sasa. Najua bei ya mpya inauma. (Ingawa, kati yetu, kuna watu walitoa doh ya baluni za kutangaza jinsia ya mtoi na kiti hawana.) Ukienda mtumba, geuza kiti uangalie tarehe ya kutengenezwa kwa plastiki. Viti vingi huwa na miaka 6 hadi 10, halafu plastiki inachoka. Tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara, yenye R44 au R129. Kama lebo imetolewa, kuna ufa, mkanda umechanika, ama muuzaji hawezi kukuambia kama kiliwahi kuwa kwa ajali, songa mbele. Kiti cha binamu yako unayejua historia yake ni poa kuliko kile kinang'aa cha mtu humjui.

Ukifika kwa ndai, pitisha mkono kati ya kiti cha nyuma na mgongo wake. Ukigusa vyuma viwili, hiyo ni ISOFIX, na kama kiti chako kinaikubali kinaingia hapo. Kama haina, tumia mkanda wa gari, kupitia njia ile kitabu kinaonyesha. Kisha shika kiti hapo mkanda unapita ukitingishe. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, rudia, sasa hivi ukikikandamiza na goti.

Mikanda ya mtoi itoke usawa wa mabega au chini kidogo kama anaangalia nyuma, usawa au juu kidogo kama anaangalia mbele. Ivute, halafu jaribu kuifinya hapo begani na vidole viwili. Ukipata ya kufinya, bado imelegea. Na ile jaketi nono ya baridi ya Julai, mvue kwanza. Gari ikigonga inabonyea na mikanda inabaki imelegea. Mfunge, kisha mfunike leso juu.

Huna ndai? Wengi wetu. Ila kile kiti cha kubeba kama kikapu, vingi vyake vinafungwa na mkanda tu, kwa hivyo unaeza ingia nacho kebu yoyote. Mwambie dereva akupatie dakika tatu kabla atoke. Kwa matatu, lipia mtoto mkubwa kiti chake na umfunge mkanda wake. Najua thao moja ina kazi mingi, lakini hiyo nauli si ya kuokoa.

Akikua, bado hajafika mkanda wa watu wazima. Anataka kile kiti cha kumwinua hadi afike kama sentimita 135, wengine 150. Cheki hivi: mkanda upite katikati ya bega, si shingoni, na wa chini ulale kwa mifupa ya nyonga, si kwa tumbo.

Na mkifika ocha akiwa amelala ndani ya kikapu, mtoe umlaze kwa kitanda. Kidevu cha mtoi mchanga kikiangukia kifua, pumzi inabanwa, na hapo hatapiga kelele ya kukuamsha.