Mlisho wa wavuti

Mlisho wa wavuti ni faili la maandishi ambalo tovuti hulisasisha kila inapochapisha jambo jipya, ili programu ya msomaji, yaani kisomaji, ipate habari hiyo bila mwenyewe kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine. Hujulikana zaidi kwa jina la muundo wake mkongwe, RSS. Tofauti na jarida linalotumwa kwa barua pepe, mlisho haumdai msomaji jina wala anwani, na akiuchoka huufuta upande wake bila kumwomba mtu ruhusa.

Namna unavyofanya kazi

Faili huandikwa kwa XML. Juu huwa na maelezo ya tovuti yenyewe: jina, kiungo na sentensi moja mbili. Chini yake hufuata habari za karibuni, kila moja na kichwa, kiungo, tarehe, na muhtasari au makala nzima, kadiri ya ukarimu wa mchapishaji. Kila habari hupewa pia kitambulisho kisichobadilika, na hicho ndicho hukiwezesha kisomaji kutofautisha mpya na iliyokwisha kuonekana. Tovuti zinazokizembea huwaletea wasomaji habari ileile mara mbili tatu.

Ingawa husemwa kwamba habari “hutumwa”, kwa kweli kisomaji ndicho huzifuata. Kila baada ya muda huiuliza seva kama faili limebadilika tangu mara ya mwisho. Kama bado, seva iliyopangwa vizuri hujibu kwa msimbo 304 na hakuna kinachopakuliwa. Ndiyo maana mlisho hauli data nyingi, jambo linalomfaa anayenunua intaneti kwa vifurushi.

Historia

Toleo la kwanza la RSS lilitoka Machi 1999 katika kampuni ya Netscape, kazi ya Ramanathan Guha na Dan Libby. Liliundwa kwa ajili ya My Netscape, ukurasa ambamo mtumiaji alijipangia vichwa vya habari kutoka tovuti mbalimbali. Wakati huo herufi RSS zilisimamia RDF Site Summary. Julai mwaka huohuo Libby aliurahisisha muundo, akaondoa mambo ya RDF, mfumo wa kueleza data, na kuingiza sehemu za muundo wa Dave Winer wa kampuni ndogo ya UserLand Software. Baadaye Netscape ikaupa mradi kisogo, na RSS ikabaki yatima.

Yatima huyo aligombewa. Kundi la RSS-DEV, ambalo Guha alikuwa mmoja wake pamoja na Aaron Swartz, kijana wa miaka 14, lilitaka RDF irudishwe ili kompyuta zielewe maana ya kilichoandikwa. Winer alishikilia kwamba muundo ubaki mwepesi, mtu aweze kuuandika kwa mkono. Desemba 2000 kila upande ulitoa toleo lake: kundi likatoa RSS 1.0, Winer akatoa 0.92. Septemba 2002 Winer akaruka namba na kutoa RSS 2.0, safari hii kwa jina la Really Simple Syndication, na Julai 2003 haki za waraka wake zikakabidhiwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa watengenezaji wa programu ugomvi huo ulikuwa adha tupu, kwani kisomaji kililazimika kuelewa matoleo yote. Msomaji wa kawaida hakuuona.

Muundo mwingine, Atom, ulianzishwa mwaka 2003 na waliochoshwa na mvutano huo, ukapitishwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, Desemba 2005 kama RFC 4287.

Toleo la RSS 0.92 lilikuwa na jambo dogo lililozaa makubwa: nafasi ya kuambatisha faili la sauti. Kutokana nayo Winer na mtangazaji Adam Curry walifungua njia ya podikasti.

Google Reader, programu ya kusomea milisho iliyozinduliwa Oktoba 2005, ilikuwa bora na ya bure, na washindani wengi wakanyauka kivulini mwake. Machi 2013 Google ilitangaza kuifunga kwa hoja kwamba watumiaji wamepungua. Malalamiko hayakusaidia, ikazimwa Julai 1. Wengi walihamia kisomaji kingine, Feedly.

Kujiandikisha

Msomaji huweka kisomaji, kwa mfano Feedly, Inoreader au NetNewsWire, kisha hubandika humo anwani ya tovuti. Visomaji vingi huutafuta mlisho vyenyewe. Visipouona, dalili ni alama ya rangi ya machungwa yenye nukta na mawimbi mawili, iliyoanzia kwenye kivinjari cha Firefox na kukubaliwa na Microsoft mwaka 2005. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress kwa kawaida huwa na mlisho kwenye anwani yao ikiongezewa /feed/. Anayehama kisomaji hubeba orodha yake yote katika faili la OPML.

Hali ya sasa

Vivinjari vimeupunguzia mlisho nafasi. Firefox iliondoa kisomaji chake katika toleo la 64, Desemba 2018. Mitandao ya kijamii, ambayo humchagulia mtu cha kuona, imechukua wasomaji wengi. Hata hivyo podikasti nyingi bado husambazwa kwa RSS 2.0, chaneli za YouTube zina milisho isiyotangazwa, na BBC Swahili hutoa wake.