Engaruka, magofu ya

Magofu ya vijiji na mashamba ya umwagiliaji chini ya kuta za Bonde la Ufa, wilayani Monduli. Atokaye Endabash huteremka hadi Mto wa Mbu, kisha hushika njia ya kaskazini. Louis Leakey, aliyechimba hapo mwaka 1935, aliona mji mkubwa, na wageni wengi bado huja wakiutafuta. Mawe yenyewe yasema vingine: sehemu kubwa ni mifereji na vijaruba vilivyozungushiwa mawe makavu yasiyo na udongo wa kuunganishia, vikitanda takriban kilomita 20 za mraba, huku makazi yakibanana mteremkoni. Atasema mtu kijito cha leo hakitoshi eneo lote hilo. Kweli, ila vijaruba havikulimwa vyote kwa wakati mmoja. Viliongezwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi.