Sauti Kati ya Kioo na Watazamaji: Historia ya Kutazama Picha Singida

Kwa miaka mingi, mtu aliyenunua sukari, dagaa au kilo ya vitunguu pale Misuna, Singida mjini, alimwambia muuzaji, "Nitilie kwenye rambo." Muuzaji hakuhitaji maelezo zaidi. Mfuko wa plastiki ulichukua jina la John Rambo, askari wa kwenye sinema aliyeigizwa na Sylvester Stallone. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini mpaka leo mama zetu wakiona mfuko wowote laini huuita rambo.

Picha ya kwanza ya Rambo ilitoka Marekani mwaka 1982, ya pili 1985 na ya tatu 1988. Katika miaka hiyo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wazee wengi wa vijiji vya Iramba, Manyoni na Singida Vijijini hawakujua Kiingereza, na wapo waliokuwa hawajawahi kuingia ukumbi wa sinema. Hata hivyo jina la askari huyo liliingia kwenye vikapu vyao na kukaa humo kama neno la nyumbani. Kulikuwa na njia iliyomleta, na kwenye njia hiyo walikuwapo watu wa kutajwa.

Gari la sinema

Tanganyika iliingia mapema katika historia hii. Mwaka 1935 ulianzishwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa vijijini. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, na wasimamizi walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35, zikihusu safura, kodi, kilimo na kuweka akiba posta. Zilipakiwa kwenye lori pamoja na mashine na kuzungushwa Afrika Mashariki na Kati.

Filamu zile zilinaswa bila sauti. Maneno yaliwekwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na pale santuri isipofaa mtu alishika kipaza sauti akaeleza kinachoonekana kwenye shuka. Kwa hiyo tangu mwanzo, mwanakijiji wa Tanganyika alikutana na sinema kupitia sauti ya mtu wa tatu, aliyesimama kati ya picha na macho yake. Desturi hiyo ilidumu kuliko mradi wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za hadithi zilizoigizwa na Waafrika kwa Kiswahili, kama vile Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Kijana aliyeng'ara humo aliitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Mkoa wa Singida ulizaliwa mwaka 1963. Baada ya uhuru magari ya sinema yaliendelea kuzunguka mikoani yakiwa na picha za afya, kilimo bora na siasa ya Ujamaa. Kwa mkoa wetu, jambo lililofungua mlango zaidi lilikuwa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa mahali pamoja, na vijiji vingi vikapata shule yenye uwanja. Uwanja ule ndio ukawa ukumbi. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miti miwili, jenereta likanguruma mbali kidogo, na watu wakakaa chini, wengine upande wa nyuma ya shuka, wakaridhika kuona maandishi yakiwa kinyumenyume. Baadaye makanisa nayo yakaleta Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo hadi sasa imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 2,000. Wapo bibi zetu walioisikia sinema ikisema Kiswahili kwa mara ya kwanza usiku ilipoonyeshwa filamu hiyo.

Deki, mkanda na kibanda umiza

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa kwa nchi ambayo watu wake walikuwa bado wanatafuta maji na shule. Ilibidi kusubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza, kama CTN na ITV, vikaanza kurusha matangazo.

Katikati ya kusubiri huko mikanda ya video ikaingia. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, na mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa, akashika nchi. Deki za video na televisheni zilianza kuja na wafanyabiashara, mabaharia na ndugu waliokuwa Uarabuni. Aliyekuwa na deki, televisheni na jenereta alikuwa na biashara. Alijenga chumba cha matofali ya tope, akaziba madirisha kwa magunia au kitambaa cheusi, akapanga mabenchi na kuweka mtu mlangoni wa kukusanya kiingilio. Watu wakakiita kibanda umiza, kwa ajili ya joto, msongamano na benchi lisilo na mgongo.

Sisi tuliokulia Singida tunakumbuka ubao wa nje ulioandikwa kwa chaki. Hapakuwa na mtu wa kutufundisha tahajia ya Hollywood wala ya Hong Kong, hivyo ubao ulisoma jinsi ulimi ulivyotamka: KOMANDO, BRUSILI, VANDAME, AMITA BACHANI. Chini yake iliandikwa aina ya picha: la ngumi, la vita, la Kihindi. Mhusika mkuu tulimwita steringi, na kanuni ya kwanza ya kibanda ilikuwa kwamba steringi hafi. Akifa, watu walitoka wakinung'unika kana kwamba wamedhulumiwa. Kipande cha kutisha au cha mapenzi kikifika, watoto tuliokuwa ndani tuliamriwa kuinamisha vichwa, nasi tuliinamisha huku tukitazama kwa jicho moja.

Wengi hatukuwa na kiingilio. Waliobahatika kuingia walikuwa na deni kwa wenzao, na deni hilo lililipwa kesho yake malishoni, kwenye mawe makubwa ya kandokando ya Ziwa Singidani, ng'ombe na mbuzi wakiwa wanakula. Kazi hiyo iliitwa kuhadithia picha. Mhadithi mzuri alipewa karanga na viazi vya kuchoma. Alisimama akaruka mateke, akapiga milio ya bunduki kwa mdomo, akatumbukiza maneno ya Kinyaturu pale Kiswahili kilipomwishia. Alimpa adui jina la jirani mchoyo tuliyemjua sote, tukacheka hadi mbuzi wakaingia mashamba ya watu. Ukija kuiona picha yenyewe miaka mingi baadaye, unagundua nusu ya hadithi ilikuwa ya mhadithi mwenyewe, tena ile nusu iliyo tamu.

Hatukuwa tumebuni jambo geni. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo walikuwa na ngano na vitendawili vyao vya jioni karne nyingi kabla ya deki kufika. Mtoto aliyezoea kuitikia "Tega!" alijua kwamba hadithi inahitaji mtu wa kuitoa na mtu wa kuipokea. Kisha redio ikaongeza: Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walitufundisha jinsi watu wawili wanavyoweza kuchezea neno moja mpaka likatoa maana tatu. Picha ya kigeni ilipofika, ilikuta masikio yameshafunzwa.

Lufufu na wenzake

Mtu aliyeifanya kazi hiyo ya wahadithi wa malishoni kuwa ufundi wa nchi nzima alikuwa Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Yeye na wenzake, akiwemo King Rich, walitafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili vibandani jijini Dar es Salaam. Baadaye sauti zao zikarekodiwa juu ya mkanda wenyewe, na mkanda ukasafiri kwa basi na treni hadi mikoani. Ndivyo sauti ya Lufufu ilivyoingia kwenye vibanda vya Manyoni, Itigi na Kiomboi.

Kumwita mfasiri ni kumpunguzia. Mfasiri husema kilichosemwa. Lufufu alisema kilichosemwa, akaeleza kwa nini kimesemwa, akatoa onyo kwa vijana na kumkaripia mhusika mjinga. Alitangulia hatari kabla haijafika na kukaa kimya pale ngumi zilipojieleza zenyewe. Mitaa ya Marekani ilipata harufu ya Kariakoo. Kwa mkoa kama wetu, ambako benchi moja lilikaliwa na Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo, Msukuma na Mtaturu, Kiswahili chake kiliwafanya watu hawa wacheke kwa wakati mmoja. Mtu asiyejua kusoma hakubaki nyuma, kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kukimbizana nayo.

Ufundi huu uliota pia kwa majirani. Uganda wanao watafsiri maarufu kama VJ Jingo, na Kenya yupo DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana mitaani hata kwa wasiowahi kumwona sura. Nchi tatu zilipata dawa moja kwa tatizo moja: picha ni nzuri, lugha yake haifiki.

Ni kweli kwamba biashara hiyo ilikaa juu ya mikanda iliyonakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilikuwapo tangu 1976, na Sheria ya Hakimiliki ikaja 1999, lakini vibandani zilisikika kwa mbali. Walioumizwa zaidi na unakili huo walikuwa waigizaji wetu wenyewe. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilifungua njia ya filamu za nyumbani, na Steven Kanumba, mwigizaji mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, alipendwa kila wilaya ya Singida. Hata hivyo kazi zao ziliuzwa kwa nakala ambazo hazikuwapa wao kitu.

Sauti zahamia studio

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili na Redio China Kimataifa. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Desemba mwaka huo Azam TV ikaanza, na baada yake zikaja tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, Sultan ikiongoza. Siku hizi jioni nikikaa na jamaa zangu kutazama, nasikia watu wa kasri la Istanbul wakiamkiana kwa adabu ya kwetu, na shangazi anawajibu kutoka kwenye mkeka. Ni Kiswahili safi, kila mhusika ana sauti yake. Ninachokikosa ni yule mtu wa tatu aliyekuwa akizungumza nasi watazamaji.

Hivi karibuni nilitazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo mwaka 2021 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kitanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la Toronto. Wahusika wanasema Kiswahili tangu mwanzo. Safari hii wageni ndio waliohitaji maandishi chini ya kioo. Naamini kizazi cha kibanda umiza kina sehemu katika heshima hiyo, kwa sababu ndicho kilichozoesha macho na masikio yetu kwamba picha kubwa inaweza kusema lugha yetu bila kuona haya.

Hofu yangu ni kupotea kwa ushahidi. Kati ya zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo zinahifadhiwa Uingereza. Mikanda ya Lufufu na wenzake iko kwenye hatari ileile. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto na vumbi, na Singida ina vyote viwili. Deki zenyewe zinauzwa kama chuma chakavu. Mkoa uliohesabiwa watu 2,008,058 katika sensa ya 2022 una watoto wengi ambao hawajawahi kusikia sauti hizo.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Bodi ya Filamu na vyuo vikuu vyetu wanaweza kuanza kukusanya sasa, wakati watafsiri na wenye vibanda bado wapo wa kuhojiwa. Kazi hii haihitaji majengo mapya. Inahitaji mtu mwenye kinasa sauti na deki inayofanya kazi. Na wewe msomaji, kama baba yako alikuwa na kibanda, au kama kuna boksi la mikanda juu ya dari, usiichome. Iandike majina, iweke mahali pakavu, na mwombe mzee akusimulie nani alitafsiri nini, na watu walicheka wapi.